Bwana Maabara na Kondoo Asiyechinjwa

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sijui, na sijawahi kuwa na haja ya kuuliza. Watu wa mtaa wetu wa Ng'ambo, hapa Tabora, walikuwa na maswali mengine juu yake, mazito zaidi, na hilo la kuzaliwa halikupata nafasi. Walitaka kujua damu anaipeleka wapi. Walitaka kujua kwa nini kondoo wake hachinjwi. Walitaka kujua kwa nini mtu mzima, mwenye kazi yake hospitali, anazunguka mitaani jua halijachomoza akishika mikono ya wake za watu.

Tulimwita Bwana Maabara. Alikuwa mpimaji wa damu katika hospitali kubwa, na kazi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa utafiti wa magonjwa ya viungo. Alisema kuna daktari anayeuongoza utafiti huo, lakini daktari mwenyewe hatukumwona kwa muda mrefu, hata Mama Pili, jirani yetu muuza maandazi, akatangaza kwamba hayupo, ametungwa tu, kama vile wanafunzi wanavyotunga mjomba mgonjwa ili wapate ruhusa shuleni. Hapo nilinyamaza, maana mjomba wa namna hiyo nilikuwa naye mmoja, na alikuwa mahututi kila Ijumaa.

Nianze na salamu zake, kwa sababu hapo ndipo shaka yetu ilipoanzia.

Mtu wa kawaida akikupa mkono, anakupa, anauchukua, yamekwisha. Bwana Maabara akishika mkono wako ilibidi usubiri urudishiwe. Alivikusanya vifundo vya vidole vyote kwa pamoja, akavibana taratibu, huku anakutazama usoni kama mama anayechagua maparachichi sokoni. "Panauma?" Hapo hata habari za nyumbani hajauliza. Ukisema hapaumi, lilifuata swali la pili, ambalo mtaa mzima ulilijua kwa moyo: "Asubuhi mikono inachukua muda gani kufunguka?" Mama Pili alimjibu kwamba mikono yake si duka la Gongoni, haina saa ya kufungua wala ya kufunga. Bwana Maabara hakucheka. Alimshukuru, akamwambia ana viungo vizuri, akaondoka. Mama Pili alikaa siku nzima akijiuliza viungo vyake vizuri kwa kazi gani.

Basi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema neno mumiani. Mumiani, kwa asiyejua, ni mtu anayesemekana kunyonya damu ya watu na kwenda kuiuza kusikojulikana. Ushahidi wa Mama Pili ulikuwa huu: Bwana Maabara ana sanduku lenye kufuli nyuma ya baiskeli, anaenda nalo kwenye vijiji vya ujamaa asubuhi likiwa jepesi, anarudi nalo jioni likiwa na vichupa, na anavaa shati la mikono mirefu, kalifunga vifungo mpaka kwenye vifundo vya mikono, hata Oktoba, wakati Tabora yote inakaangika. Mtu anayeficha mikono yake huku anaomba mikono ya wenzake, alisema Mama Pili, huyo umtazame mara mbili. Sisi tukamtazama mara nyingi zaidi ya hapo.

Mimi binafsi nilimtazama kwa njia yangu. Nilichukua mguu wa kuku jikoni, nikauficha kwenye mkono wa sweta la shule, nikamsubiri kwenye kona. Alipokuja nikamwamkia kwa adabu zote, shikamoo, nikamnyooshea mguu wa kuku. Rafiki zangu walikuwa nyuma ya ukuta wameziba midomo. Bwana Maabara aliitika marahaba, akaupokea, wala hakushtuka. Akaukunja kiungo baada ya kiungo, akaunyoosha, akaubana.

"Huyu hana ugonjwa wa viungo," akasema. "Amekufa kwa kisu." Halafu akanirudishia. "Nenda nao nyumbani. Na vidole hivi, binti, vinakunjuka vizuri kuliko vya bibi yako."

Mzaha wangu ukaishia hapo. Kumbe alikuwa ameshaiona mikono ya Bibi.

Bibi ndiye aliyenilea. Aliniita mke mwenzangu, kwa sababu tulichangia mume mmoja, yaani Babu, Mungu amrehemu, na kila nilipounguza maharage aliniambia ndiyo maana mume ananipenda mimi. Alikuwa mshonaji wa kofia. Zile kofia nyeupe za kutoboa kwa sindano, zenye maua madogo hata huwezi kuyahesabu, Bibi alikuwa akizishona bila kuangalia, huku anasengenya. Halafu vidole vikaanza kuvimba. Vifundo vya mikono vikavimba pande zote mbili, sawasawa, kama vimekubaliana. Asubuhi alikuwa anaamka mikono imejikunja, haifunguki mpaka jua lifike mlangoni. Mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya gauni, niliyemfungua chupa ya chai, niliyemfunga kanga. Kofia ya Baba Mdogo ilikaa kapuni na sindano yake ikiwa imechomekwa pale pale alipoachia.

Na Baba Mdogo alikuwa ameshatoa uamuzi wake. Mama yake hawezi kukaa bila mtu wa kumtazama, na mtu wa kumtazama yupo, mimi. Muhula ukiisha, shule basi. Alilisema jambo hilo kwa upole, kama anayenipa zawadi. Kwa hiyo mtu akiniambia mikono ya Bibi ni habari ya Bibi peke yake, simwelewi. Vidole vyake vilipokuwa vinajikunja, madaftari yangu nayo yalikuwa yanajifunga.

Bibi mwenyewe aliuita ugonjwa wake baridi yabisi, na alikuwa na hakika umetokana na kufua kwa maji ya baridi wakati wa kipupwe. Bwana Maabara alikuja, akaketi barazani, akakataa kukubali.

"Baridi yabisi ni jina la gunia, Bibi," alisema. "Ndani ya gunia kuna magonjwa mengi."

Hapo akaanza kutuhutubia, na katika kuhutubu hakuwa na mpinzani. Aliwataja wapagazi wa zamani, wale waliopita na pembe za ndovu mabegani kwenye njia ya misafara, hiyo hiyo inayopita nyuma ya uwanja wetu na ambayo siku hizi tunatupia majivu. Wale, alisema, magoti yao yaliliwa na mzigo. Kiungo kilichochoshwa na kazi kinauma jioni, ukipumzika kinanyamaza. Lakini kiungo kinachouma asubuhi, baada ya usiku mzima wa kulala, na kinachopata nafuu ukishaanza kazi, hicho hakikuchoshwa na kitu. Hicho kinapigwa. Bibi akauliza kinapigwa na nani.

"Na mwili wako mwenyewe. Mwili una mgambo wake, Bibi. Kazi yao ni kukamata wezi, yaani vijidudu vya magonjwa. Sasa mgambo wako wamekosea nyumba. Wameingia kwenye viungo vyako, wanampiga mwenye nyumba wakidhani ni mwizi."

"Nani aliwaambia mimi mwizi?"

"Hilo ndilo hatujui. Ndiyo maana unaitwa utafiti."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, Bibi."

"Sawa," Bibi akasema, akinigeukia mimi. "Umesikia, mke mwenzangu? Mtu asiyejua ndiye anayetaka damu yangu."

Balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa amepita kuazima jembe, aliondoka amekunja uso. Mwanawe alikuwa mgambo, na hakupenda kusikia kwamba mgambo huwa wanakosea nyumba.

Ningependa kusema kwamba Bwana Maabara alikuwa mtu mnyoofu na sisi tulimwonea, lakini nitakuwa nimedanganya. Alikuwa mwizi wa kete kwenye bao, na ukimkamata alisema anakupima macho. Chai ya watu aliijaza sukari mpaka kijiko kinasimama. Chai ya kwake alikukaribisha na kusema sukari inaharibu meno. Alipaka hina nywele zake na kusema ni jua. Alimhubiria kila mtu kwamba sindano haiumi, na alilisema hilo kwa haraka mno, kama mtu anayepita makaburini. Na mdomo wake haukujua kukaa kimya pale panapofaa. Siku moja, kwa kutaka tu kujionyesha, alimsimulia Mama Pili kwamba katika nchi nyingine wagonjwa wa namna ya Bibi wanadungwa sindano za dhahabu. Dhahabu kweli, imeyeyushwa. Mama Pili akaniuliza mimi, kwa kuwa nasoma, dhahabu hiyo ikishaingia mwilini inakwenda wapi. Nikamwambia labda inakaa. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka tu kuona itafika wapi. Kabla ya magharibi ilikuwa imefika mtaa wa Isevya na kurudi: Bwana Maabara anawatia watu dhahabu, halafu wakifa anafuata makaburini kuichimbua. Hakuna aliyejiuliza mtu asiyetoa sukari atatoa vipi dhahabu.

Sasa kondoo.

Alikuwa kondoo dume, mweupe, mnene, amefungwa uani kwa Bwana Maabara, anakula majani mazuri kuliko mbuzi wa Balozi. Shingoni alikuwa na upara, mahali paliponyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Idi el Haji zilikuja na kupita, visu vikanolewa mtaa mzima, na Bwana Maabara, Mwislamu wa kuswali tano, akanunua mbuzi wa kuchinja na kumwacha kondoo anatazama. Kwa kuwa kwetu kila mtu ni ndugu, Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, sisi wanafunzi tulimwita Ndugu Kondoo, na tukipita tulimsalimia kwa ngumi juu. Wakubwa hawakucheka. Waliona mnyama anayekula bila kufanya kazi na bila kuchinjwa, na mnyama wa namna hiyo kwetu ana jina moja tu: wa mashetani.

Balozi akaitisha mkutano uani kwake baada ya alasiri. Bwana Maabara akatakiwa aeleze. Kosa lake ni kwamba alieleza. Angesema amemwekea nadhiri, tungeondoka. Yeye akasimama na kufafanua kwamba humtoa kondoo damu kidogo shingoni, akaisafisha, akaichanganya na maji ya damu ya mgonjwa kwenye kichupa. Damu ya kondoo ikigandana vipunje vipunje, basi kuna dalili ya wale mgambo waliokosea. Isipogandana, dalili haipo. Alimaliza akiwa ameridhika, kama mwalimu aliyefika mwisho wa ubao.

Balozi akauliza, polepole, kama mtu anayempa mshitakiwa nafasi ya kujirudi, iwapo amesikia vizuri kwamba ndugu huyu anachanganya damu ya watu na damu ya kondoo. Bwana Maabara akasema amesikia vizuri sana.

Baada ya hapo kila mtu alisema lake kwa wakati mmoja. Uamuzi ulipotoka ulikuwa na sura ya siasa safi: kondoo wa mtu mmoja, asiyefaidisha jamii, ni ubinafsi, Idi ijayo achinjwe, nyama igawiwe nyumba zote kumi. Mimi nilianza kupiga hesabu ya mapaja. Bwana Maabara aliomba, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza ameishiwa maneno. Alisema kuna damu za watu zinazosubiri, watu wa vijijini wasioweza kushika jembe, na kondoo si kila kondoo anafaa. Alisema huyu ameshamzoea.

Ndipo Bibi akakohoa kutoka mkekani.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kila mtu pale uani alilijua. Bibi ni Mnyamwezi. Bwana Maabara, kwa matamshi yake na kwa majivuno yake, alikuwa Mzaramo. Hao ni watani tangu enzi za misafara, wakati Wanyamwezi waliposhuka pwani na mizigo. Na mtani anaruhusiwa. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuingia kwako akabeba kuku, na ukinuna ni wewe uliyekosa adabu. Mtani akikuomba kitu mbele za watu, unatoa.

"Mtani," Bibi akasema, "mimi nakushuku kuliko hawa wote. Hawa wanamshuku kondoo, mimi nakushuku wewe. Tangu uhamie hapa umetoa damu watu mpaka wa porini huko. Ya kwako nani ameiona? Au nyinyi wa pwani mna uji wa tangawizi?"

Watu wakacheka. Bwana Maabara hakucheka.

"Nataka damu yako. Hapa hapa, kwanza. Ukitoa, na mimi natoa, upeleke zote mbili kwa huyo kondoo. Na kondoo aachwe hai, maana shahidi hachinjwi kabla kesi haijaisha. Akikataa, Balozi, paja la kulia ni langu."

Baadaye nilimuuliza kwa nini alifanya vile, ikiwa hamwamini. Alisema Baba yangu Mdogo ameshaanza kuulizia mtu wa kumpa sare zangu. Kisha akaniambia nikafue.

Bwana Maabara alisimama pale, mtani kamwomba, hana pa kutokea. Aliitwa nesi aliyepanga nyumba ya pili, akaja na sindano. Kwa mara ya kwanza tukaona vile vifungo vinafunguliwa. Nilisogea mbele kabisa. Nilitegemea magamba, au alama ya meno. Ulikuwa mkono tu, mwembamba, mweupe kidogo kwa kukosa jua. Nesi akafunga mpira, akatafuta mshipa. Bwana Maabara akageuza uso akamtazama kondoo. Sindano ilipoingia aliteleza kwenye kiti taratibu, kama kanga inavyoteleza kwenye kamba, mpaka chini.

Huyo ndiye mumiani wetu. Amezimia kwa damu yake mwenyewe, kijiko kimoja. Hata Balozi alilazimika kutazama pembeni. Ungedhani shaka ingeishia pale, lakini Mama Pili, wakati anampepea kwa mfuniko wa sufuria, alituambia kwa sauti ya chini kwamba ameanguka kwa sababu anajua kinachofanywa na hiyo damu.

Bibi akanyoosha mkono wake. Nesi alipomaliza, Bibi akauliza kama mtani wake amefariki, ili aanze kulia mapema.

Majibu aliyaleta Bwana Maabara mwenyewe. Niliona mambo si mazuri kwa sababu alikataa chai. Alikaa ukingoni mwa kiti, akatuambia kwamba amepima, akarudia, akarudia tena. Damu ya Bibi haikugandisha kitu. Ya kwake iligandisha vipunje mpaka chini kabisa.

Bibi alimwacha amalize. Halafu akanyanyua mikono yake, iliyovimba, akaiweka mbele yake kama mtu anayeweka vyombo mezani.

"Kipimo chako kinasema mimi mzima na wewe mgonjwa."

"Ndivyo kinavyosema."

"Na wewe unaumwa?"

"Siumwi popote." Akabana vifundo vya vidole vyake mwenyewe kutuonyesha. "Malaria inaweza kukidanganya, Bibi. Na magonjwa mengine ya huku kwetu. Kuna watu wazima wana dalili hiyo, na kuna wagonjwa hawana. Ndicho tunachokitafiti, tutajuaje nani ni nani. Daktari anasema kipimo ni shahidi, si hakimu."

"Shahidi gani huyu, anamtaja mtu aliyemleta mahakamani?"

Bwana Maabara alisema tu kwamba yeye angeamini mikono kuliko kichupa, na kwamba kesho angempeleka kwa daktari, kama Bibi bado anakubali. Bibi alikubali, kwa sababu, alivyoniambia, mwongo angekuja na majibu yanayomfaa yeye. Aliongeza kwamba mwongo mkubwa sana angeliwaza hilo pia. Kwa hiyo twende, lakini macho wazi.

Daktari alikuwapo kweli. Mama Pili mpaka leo hajanisamehe kwa habari hiyo. Alikuwa kijana mwenye miwani, akabonyeza viungo vya Bibi kimoja kimoja, akapima vya kulia na vya kushoto, akauliza lile swali la asubuhi, akapiga picha ya mifupa na kuitazama dirishani. Akasema mikono imeshasema yenyewe, na tuanze kabla mifupa haijaliwa.

Na dawa? Aspirini. Ile ile ya kichwa, lakini kwa wingi, pamoja na uji ili isichome tumbo. Na klorokwini, ile chungu ya malaria. Bibi alimtazama mtani wake kama mtu aliyeuziwa kofia kuukuu: dawa ya kichwa na dawa ya homa, kwa vidole? Kidonge cha kwanza alimpa kuku. Kuku akaishi, akataga, ndipo Bibi akaanza kumeza.

Lakini kuna sharti moja ambalo lilikaribia kuharibu kila kitu. Ameze, kipimo kikiongezwa kidogo kidogo, mpaka masikio yaanze kulia. Bwana Maabara alikuja kila mara na swali hilo: "Yamelia?" Siku Bibi aliposema ndiyo, anasikia nyenje kichwani mchana kweupe, mwenzetu alifurahi akasema alhamdulillahi, na akakimbilia kumwambia daktari. Jirani aliyesikia mgonjwa amepigwa na kelele kichwani na mganga anamshukuru Mungu, unadhani alifikiri nini? Mtaa ulikubaliana kwamba Bibi ametiwa jini, na la kondoo bila shaka. Bwana Maabara alieleza kwamba masikio yakilia ndipo unajua dawa imefika ukingoni, unarudi nyuma hatua moja na kukaa hapo. Hakuna aliyemsikiliza. Na kila mwezi alimtaka Bibi atunge uzi kwenye sindano na kuchagua uzi mwekundu kati ya nyuzi nyingine, kwa sababu klorokwini inaweza kuharibu macho. Bibi aliwaambia watu kwamba mtani wake anataka afungue naye duka la cherehani.

Siku mikono ilipofunguka siijui. Haikuwa siku moja. Ninachokumbuka ni asubuhi niliyoamka kwa kuchelewa, nikatoka mbio kwenda kumfunga vifungo, nikamkuta ameketi barazani, gauni limefungwa, kifungo kimoja kimeruka tundu, na chai imeshamiminwa vikombe viwili. Nikasimama pale. Akaniambia nisimtolee macho kama Balozi, ninywe chai niende shule. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena. Kofia ya Baba Mdogo aliimaliza, imeyumba upande mmoja, na Baba Mdogo aliivaa Ijumaa na hakusema tena habari ya mtu wa kumpa sare zangu.

Bibi hakumwamini Bwana Maabara hata baada ya hapo. Alimeza dawa zake, na alimwekea sukari, na alisema wazi kwamba mtu aliyekuponya bila kujua ugonjwa umetoka wapi anaweza kukuua vile vile bila kujua.

Mwisho wa kumwona ni mwaka huu, muhula wa kwanza. Alikuwa anahamishwa, garimoshi linaondoka asubuhi hiyo, akapita kutuaga mapema mno, kabla hata sijafunga mkanda wa sketi. Alikuwa anamvuta Ndugu Kondoo kwa kamba. Alisema siku hizi kuna kipimo kipya, kinatumia vitone vya maji meupe kama maziwa, hakihitaji kondoo. Kwa hiyo Ndugu amestaafu, na amemletea Bibi, kwa sharti kwamba asimchinje. Bibi akasema ataona.

Nikaleta chai. Bwana Maabara alikishika kikombe kwa mikono miwili, kama watoto wanavyoshika. Hakuongeza sukari. Kijiko kilikuwa pale pale kwenye sahani na hakukigusa. Halafu nikaona vifungo vya mikono ya shati lake. Vyote viwili vilikuwa wazi, mikono ya shati inaning'inia. Mtu yule, aliyefunga vifungo hata Oktoba. Nikamtazama Bibi, nikakuta Bibi ameshaona kabla yangu. Hakuna mtu anayemtazama mwenzake vizuri kama yule anayemshuku.

Alipoinuka kuaga, Bibi alimpa mkono. Alipouchukua, Bibi hakuuachia. Alivikusanya vifundo vya vidole vyote kwa pamoja, kwa ile mikono yake yenye vidole viwili vilivyopinda, akabana.

"Panauma?"

Bwana Maabara alitaka kucheka. Uso wake ulianza kicheko halafu ukakiacha njiani.

"Kidogo, mtani."

"Asubuhi mikono inachukua muda gani kufunguka?"

Alimtazama kondoo, kama siku ile ya sindano. "Mpaka chai ipoe," akasema. "Siku nyingine mpaka chai ya saa nne."

"Daktari umemwambia?"

"Nilidhani ni malaria iliyodanganya kipimo."

"Na kumbe shahidi hakusema uongo," Bibi akasema. "Alikuja mapema tu."

Akaingia ndani. Alitoka na mkebe wake wa aspirini, akamsukumia mfukoni mwa koti bila kumuuliza, kama mtani anavyobeba kuku. Akamwambia hizo ni za njiani, na uji usimpite, na akifika tu, kabla hajafungua sanduku, amtafute daktari wa huko na amwambie ukweli.

"Nimeze mpaka lini?" akauliza, yeye, aliyewauliza watu wa Tabora nzima.

"Mpaka masikio yalie."

Garimoshi lilipiga honi ya kwanza huko stesheni. Alikuwa bado amesimama, haondoki, anajaribu kusukuma kifungo kwa kidole gumba na kifungo kinamkimbia. Nikaweka kikombe chini. Alininyooshea mikono yote miwili, nami nikamfunga vifungo, wa kulia, kisha wa kushoto, kwa haraka, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo kila asubuhi kwa muda mrefu.